Vyombo Vinaelekea Wapi

Aprili mwaka jana nilivuka kwenda Unguja na bahasha ya nakala za picha za zamani, zote za ufukwe wa Mji Mkongwe. Mpango ulikuwa rahisi: nisimame Forodhani, pale waliposimama wapiga picha wa zamani, nipige tena mandhari yaleyale, kisha niyaweke ubavuni mwa ya kale katika tasnifu yangu ya uzamili. Nilikuwa na siku nne. Masika ilikuwa imeshika, na mvua haikuniuliza ratiba.

Siku ya kwanza niliipoteza kwa ujinga. Kamera ililala kwenye chumba chenye kiyoyozi, nilipoitoa nje lenzi ikafunikwa na mvuke. Nikafuta kwa ncha ya shati, ukarudi. Nikafuta tena. Baadaye nikajua dawa yake: iache ndani ya begi lililofungwa, barazani, mpaka ipate joto la nje. Siku ya pili nilisubiri jua, nalo halikutoka.

Wale niliowafuata nao walisubiri jua, ila wao walikuwa na sababu. A. C. Gomes alikuwa na studio yake hapa tangu karne ya 19, na ndugu wa Coutinho nao walifanya kazi hiyohiyo. Bamba la kioo la zama za mwanzo lilipakwa dawa, likapigwa picha na kusafishwa kabla halijakauka. Hata yalipokuja mabamba makavu, mwanga hafifu ulidai lenzi iachwe wazi muda mrefu, na mashua inayochezwa na mawimbi ikabaki doa tu. Tena wateja wao wengi walikuwa abiria wa meli waliotaka kadi ya kutuma kwao, na nani anatuma mvua? Ndiyo maana katika bahasha yangu hapakuwa na hata tone moja.

Ajabu ni kwamba ufukwe huohuo umefinyangwa na hali mbaya ya hewa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha meli za Sultani Barghash. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Barghash akaagiza meli mpya Uingereza, Glasgow, iliyokamilika 1878. Meli hiyo ilizamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyotimiza hata saa moja. Kwa kuwa maji pale si ya kina, milingoti yake ilibaki imechomoza mbele ya mji kwa miaka mingi, hadi mabaki yalipokatwa 1912.

Mojawapo ya nakala zangu inaionyesha milingoti hiyo, na majahazi yametia nanga pembeni. Kwa hiyo nilijua ni kati ya 1896 na 1912. Mwezi, hakuna.

Siku ya tatu mvua ilinifukuza hadi kwenye baraza moja, nikamkuta mzee aliyewahi kusafiri na majahazi. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba aone nilichokificha kifuani kisilowe.

"Hii kaskazi, mwanangu," akasema.

Nikamuuliza kajuaje.

"Tazama omo. Chombo kikitia nanga huelekeza omo kunakotoka upepo. Hivi vyote vinatazama Malindi. Kusi ikivuma vingegeuka, vikatazama huku mjini." Akafikiri kidogo. "Mkondo nao hugeuza chombo. Lakini tazama na bendera, zote zimelala upande mmoja."

Nilimwaga bahasha yote barazani. Tulizipitia moja moja, yeye akisema "kaskazi", "kaskazi", kama anayehesabu embe. Msimu wa majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, msimu wa anga safi. Mwaka mzima wa Unguja, na mimi nilikuwa nimekusanya miezi mitatu minne yake!

Siku ya nne sikusubiri jua. Hata lingetoka, picha isingelingana: katika nakala zilizopigwa kutoka majini mnara wa saa wa Beit el Ajaib umesimama, na mnara huo ulianguka tarehe 25 Desemba 2020. Niliegemeza kamera kwenye ukuta wa bahari ili isitikisike, nikaongeza usikivu wake kwa mwanga, nikaifunika kwa khanga niliyoazimwa. Picha zikatoka na chengachenga, sawa. Kati ya manyunyu mawili bahari ilifanya weupe wa maziwa, mashua zikageuka taratibu kwenye kamba zake.

Nikaandika daftarini, kabla ya kufuta lenzi: Forodhani, Aprili, saa kumi na moja kasoro jioni, mvua, omo zinatazama mjini.