Hesabu ya moyo iliyozaliwa Framingham

Sisi tunaoandika programu hudhani kubashiri kwa data kulianza na tarakilishi hizi za mezani. La hasha! Twende kwanza Framingham, mji wa jimbo la Massachusetts, Marekani.

Mnamo Aprili 1945, Rais Franklin Roosevelt alifariki baada ya damu kuvuja ubongoni. Presha ilikuwa imemsumbua miaka mingi, na madaktari hawakuwa na dawa ya maana ya kuishusha. Mwaka wa 1948 serikali ya Marekani ikaanzisha utafiti: wakazi 5,209 wa Framingham, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 62, wawe wakipimwa kila baada ya miaka miwili. Nani ataugua moyo, na alikuwa na dalili gani kabla?

Data ikaja, hesabu ikawa ngumu. Chukua vigezo 7, kama vile umri, presha, kolesteroli, unene na sigara. Gawa kila kimoja katika viwango 3. Unapata visanduku 2,187! Ukiwatia humo watu 5,209, kila kisanduku kinapata wawili hivi. Watu wawili watakuambia nini?

Mwanatakwimu Jerome Cornfield alitafuta njia nyingine. Kila kigezo kipewe nambari inayoonyesha nguvu yake. Zidisha, jumlisha, kisha pitisha jumla kwenye mstari uliopinda kama herufi S. Jibu huwa kati ya 0 na 1, yaani uwezekano wa kuugua. Makala yake, pamoja na Jeanne Truett na William Kannel, ilitoka 1967. Anayejifunza leo kufundisha mashine hukutana na hesabu iyo hiyo mapema sana.

Lakini karibu wakazi wote wale walikuwa wazungu wa mji mmoja. Mwaka wa 2003, watafiti walionyesha kwamba fomula ya Framingham iliwakadiria wanaume wa Uingereza hatari kubwa kuliko iliyokuwepo. Sigara inadhuru kila mahali, ila kiwango cha ugonjwa hutofautiana kati ya nchi na nchi. Ndiyo maana mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali ya maeneo 21, Afrika Mashariki ikiwa na lake. Lipo hata la kliniki isiyo na maabara, linalotumia urefu na uzito wa mwili badala ya kolesteroli.

Kwa hivyo, ukiunda programu ya afya, usinakili fomula tu. Uliza kwanza: nambari hizi zilitoka kwa kina nani? Zikiwa si za watu wako, kuna atakayemeza dawa asizohitaji, na kuna atakayeambiwa yu salama ilhali yumo hatarini.