Anwani ya IP ya kompyuta

Anwani ya IP ni namba inayopewa kila kifaa kilichounganishwa kwenye mtandao, ili data inayotumwa ifike panapohusika na jibu lake lirudi kwa aliyeuliza. Toleo lililozoeleka, IPv4, kanuni zake zilichapishwa Septemba 1981. Huandikwa kwa mafungu manne yanayotenganishwa na nukta, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.5.

Anayetafuta anwani ya kompyuta yake aamue kwanza anatafuta ipi, kwa sababu kuna ya ndani na ya nje. Ya ndani hutolewa na ruta au simu inayorusha intaneti, na hutambulika humo humo nyumbani au ofisini. Ya nje ndiyo inayoonekana na tovuti zinazotembelewa. Maelekezo mengi huzichanganya, na mtu huishia kunakili namba isiyomfaa.

Ya ndani hupatikana kwa urahisi. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha ipconfig. Tafuta mstari wa IPv4 Address chini ya jina la Wi-Fi au la kebo unayotumia. Mistari ya vifaa vingine isikuchanganye. Kwenye Linux amri ni ip addr. Kwenye Mac namba imo katika mipangilio ya mtandao. Ikianza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na imejitungia yenyewe. Hapo zima Wi-Fi na uiwashe tena kabla ya kulaumu bando.

Katika kata ya Ndungu, wilayani Same, kwenye mashamba ya mpunga chini ya Milima ya Upare, njia iliyo karibu ya kuingiza kompyuta mpakato mtandaoni ni simu: unanunua bando, unawasha hotspoti, unaunganisha. Hapo anwani ya ndani inatoka kwenye simu yenyewe. Simu nyingi za Android za miaka ya nyuma hutoa namba zinazoanza na 192.168.43, iPhone hutoa zinazoanza na 172.20.10. Namba za namna hii zilitengwa kwa matumizi ya ndani na kanuni ya Februari 1996, na ndiyo maana kompyuta iliyoko Ndungu na nyingine iliyoko Mombasa zinaweza kuwa na 192.168.43.20 kwa wakati mmoja bila kugongana.

Ya nje haionekani kwa ipconfig. Njia ya haraka ni kufungua tovuti inayomrudishia mgeni namba aliyoingia nayo. Sasa fanya jaribio moja: kwenye simu hiyo hiyo, ukiwa umezima Wi-Fi, fungua mipangilio, sehemu inayoeleza hali ya simu, usome anwani ambayo laini imepewa na kampuni. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, na tovuti inakuonyesha namba nyingine kabisa, basi ile ya nje unaitumia pamoja na wateja wengine wengi. Ni kama sanduku la posta la shule: barua zote hufika kwenye S.L.P. moja, kisha ndani ndiko zinakogawiwa kwa majina.

Sababu ni uhaba. IPv4 ina anwani 4,294,967,296 tu. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia ya anwani hizo iligawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila shirika la kanda. La Afrika lilikwenda AFRINIC, lenye makao yake Morisi. Toleo jipya, IPv6, halina shida hiyo, lakini bado halijaenea kote.

Kutokana na mpangilio huu wa kuchangia anwani, tovuti za kukisia mahali zinaweza kumweka mtu wa Ndungu Dar es Salaam, kwa kuwa namba imesajiliwa au inatokea huko. Anayeogopa kwamba kwa namba hiyo pekee mgeni yeyote ataujua mlango wa nyumba yake anaogopa bure.

Suala la anwani ipi itajwe liligusa wengi Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipotoa tangazo la kuwataka wanaohitaji kutumia VPN (huduma inayoficha anwani halisi ya mtumiaji) kuwasilisha taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Ofisi yenye anwani ya kudumu iliyolipiwa inaweza kuitaja bila taabu. Mwenye bando la simu yuko katika hali tofauti kabisa: akizima data na kuiwasha, anaweza kupata nyingine. Kwa maoni ya mwandishi, fomu yoyote inayodai namba hii ingepaswa kueleza inataka ipi.

Kampuni ya simu, kwa upande wake, inaweza kumbaini mteja mmoja kati ya wanaochangia anwani, mradi iwe imetunza kumbukumbu na ipewe namba ya nje, namba ya mlango wa muunganisho na saa kamili. Kwa hiyo anayeripoti utapeli wa mtandaoni asiishie kwenye anwani. Aandike pia tarehe, saa, dakika na, ikiwezekana, sekunde.