Maneno ya Mwandikishaji na Maneno ya Mkataba

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga palikuwa zamani na watu walioitwa manamba. Waliitwa hivyo kwa sababu kila aliyeandikwa kazi kwa mkataba alipewa namba. Wengi walitoka mbali sana, na mtu wa kwanza kuonana nao hakuwa mwenye shamba, bali ni yule aliyetumwa vijijini kuandika watu. Leo twataka kusimulia habari za mtu wa namna hiyo, yaani mwandikishaji, na habari za sheria zilizotungwa ili kumtia lijamu. Lakini hatutaanzia Tanga. Tutaanzia Bara Hindi, kwa kuwa sheria hizo zilijaribiwa huko kwa muda wa miaka 80, na matokeo yake yalifika hata Mombasa.

Tarehe 1 Agosti 1834 sheria ya kukomesha utumwa ilianza kutumika katika makoloni ya Waingereza. Wenye mashamba ya miwa walijua ya kuwa watumwa wao wakipata uhuru kamili, wengi hawatakubali kubaki shambani kwa ujira mdogo. Basi wakageuza macho upande wa Bara Hindi, nchi yenye watu wengi, na wengi wao wamebanwa na njaa na madeni. Tarehe 2 Novemba mwaka ule ule, merikebu iliyoitwa Atlas ilitia nanga Port Louis, katika kisiwa cha Morisi, ikashusha Wahindi 36 waliofungwa kwa mkataba wa miaka mitano. Toka siku hiyo hata mwaka 1917, Wahindi zaidi ya milioni moja walichukuliwa kwa mikataba ya namna hiyo kwenda Morisi, Guiana, Trinidad, Jamaica, Natal, Suriname, Fiji na nchi nyingine. Neno la Kiingereza la mkataba liligeuka vinywani mwao likawa girmit, na mwenye kufungwa nalo akaitwa girmitiya.

Je, watu hawa walikuwa watumwa? Sheria ilisema sivyo. Mtumwa hakuulizwa, bali hawa waliulizwa wakakubali. Mtumwa hakuwa na mshahara wala mwisho wa kazi, bali hawa walikuwa na mshahara na miaka iliyohesabiwa. Basi twaona ya kuwa tofauti yote ilisimama juu ya neno moja tu, nalo ni ridhaa. Na ridhaa hiyo haikuombwa na hakimu wala na mwenye shamba. Iliombwa na mwandikishaji, sokoni, njiani, au penye hekalu siku ya kuhiji.

Serikali ya Bara Hindi iliiona hatari hiyo mapema. Mwaka 1837 ilitunga sheria ya kwamba mtu atakaye kusafiri na wakala anayemchukua wafike wote wawili mbele ya ofisa, na masharti ya kazi yaandikwe. Haikutosha. Habari za watu waliodanganywa na kuteswa zilifika Calcutta, na mwaka 1839 safari hizo zikakatazwa kabisa. Wenye mashamba wakalia ya kuwa miwa yao itaharibika, na mwaka 1842 mlango ukafunguliwa tena kwa Morisi, na baadaye kwa nchi nyingine. Safari hii akawekwa bandarini ofisa aliyeitwa Mlinzi wa Wahamaji. Sheria za mwaka 1864 na 1883 zikaongeza mengine: mwandikishaji awe na leseni, naye kila aliyeandikwa apelekwe kwa hakimu wa wilaya ili aulizwe kama amefahamu na kama anakwenda kwa hiari yake.

Mtu akizisoma sheria hizi leo atazisifu. Leseni ipo, hakimu yupo, mlinzi yupo, mkataba upo. Mbona basi watu waliendelea kudanganywa?

Sababu ya kwanza ni fedha. Mwandikishaji hakulipwa mshahara wa mwezi, alilipwa kwa kichwa. Asiyempata mtu hakupata kitu. Tena sheria ilitaka katika kila wanaume 100 wapatikane wanawake 40, nao wanawake walikuwa shida kupatikana. Kwa hiyo ujira wa kumleta mwanamke ulikuwa mkubwa kuliko ujira wa kumleta mwanamume, na tamaa ya kumdanganya ikawa kubwa vilevile. Mtu alipwaye kwa kichwa hawezi kumwambia maskini, “Ndugu yangu, kafikiri kwanza kwa mama yako, kisha urudi.”

Sababu ya pili ni kwamba sheria ilimwangalia mwenye leseni, na huyo mara nyingi siye aliyesema na watu. Nyuma yake palikuwa na mtu mwingine aliyeitwa arkati. Huyu hakuwa na leseni, wala jina lake halikuandikwa katika daftari lo lote. Yeye ndiye aliyezunguka njiani, akamwona kijana mwenye njaa au mjane aliyegombana na jamaa zake, akamkaribisha chakula, akamtolea ahadi, kisha akamkabidhi kwa mwenye leseni na kupokea fungu lake. Maofisa wawili, Pitcher na Grierson, waliotumwa kuchungua mambo hayo katika miaka ya 1882 na 1883, waliandika habari za watu hao. Lakini ni vigumu kumshitaki mtu asiye na jina katika karatasi.

Sababu ya tatu twaipata katika kinywa cha mmoja wa walioandikwa. Totaram Sanadhya alikuwa kijana aliyetoka kwao kutafuta kazi, akakutana na arkati katika mji wa Allahabad mwaka 1893. Alikaa Fiji miaka 21, kisha akarudi, na kitabu cha maisha yake kikatolewa mwaka 1914. Asimulia ya kuwa kabla ya kupelekwa kwa hakimu walifundishwa la kujibu. Waliambiwa waitikie ndiyo kwa kila neno, na ye yote atakayekataa atashitakiwa na kufungwa. Hakimu akawauliza mmoja mmoja, nao wakaitikia. Kwa dakika 20 hivi aliandika watu 165. Haya, wanafunzi, fanyeni hesabu: kila mtu alipata dakika ngapi za kufikiri miaka mitano ya maisha yake? Hakupata hata dakika moja. Alipata kama sekunde saba.

Tena kulikuwa na uongo uliovaa nguo ya kweli. Huko Fiji mkataba ulitaja shilingi moja kwa siku. Kweli ilitajwa. Lakini shilingi hiyo ilikuwa ya mtu aliyemaliza ngwe yake yote, na ngwe hupimwa na msimamizi. Mgeni asiyezoea jembe, au mgonjwa, aliweza kufanya kazi mchana kutwa asiipate shilingi nzima. Asiyemaliza kazi aliweza pia kupelekwa mahakamani, kwa kuwa kuvunja mkataba huo kulihesabiwa kuwa kosa la jinai, si deni tu.

Sasa na tuje kwetu. Mwaka 1896, reli ya kutoka Mombasa kwenda ziwa la Viktoria ilipoanza kujengwa, Serikali ya Bara Hindi iliibadili sheria yake ili watu waweze kuandikwa kuja Afrika ya Mashariki. Wengi walitoka Punjab, wakapanda merikebu Karachi, kwa mkataba wa miaka mitatu. Hesabu yao yote ilikuwa 31,983. Reli ilifika ziwani Desemba 1901. Katika hao, 2,493 walikufa, 6,454 walirudishwa kwao kwa ugonjwa au kwa kuumia, na 6,724 walibaki hapa baada ya mkataba kwisha. Kila apandaye gari la moshi katika njia ile ya zamani hupita juu ya jasho lao.

Tusiseme, hata hivyo, ya kuwa sheria zile zilikuwa bure. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kuwa sheria ililazimisha kila mtu aandikwe, jina la baba yake na kijiji chake, wajukuu wengi wameweza kuwatafuta wazee wao katika madaftari hayo. Na Serikali ilipothubutu kufunga mlango, sheria ilikuwa na meno. Mwaka 1882 ilikataza watu wasipelekwe tena Réunion, kisiwa cha Wafaransa, kwa sababu ya kuteswa kwao. Mwishowe meno yakauma zaidi. Waingereza wawili, C. F. Andrews na W. W. Pearson, walikwenda Fiji mwaka 1915 kutazama kwa macho yao, nao Gokhale, Malaviya na Gandhi wakadai mambo hayo yakomeshwe. Machi 1917 safari za mkataba zilisimamishwa, na tarehe 1 Januari 1920 mikataba iliyosalia Fiji ikafutwa.

Mwandikishaji hakufa siku hiyo. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilifuta leseni za mawakala waliopeleka watu kazini katika nchi za Mashariki ya Kati, baada ya malalamiko mengi ya watumishi wa nyumbani. Mwaka 2017 mlango ukafunguliwa tena kwa masharti mapya. Aliyesikiliza habari za mwaka 1839 na 1842 hatastaajabu. Nalo Shirika la Kazi la Dunia, katika mapatano yake ya mwaka 1997, lilitoa kanuni ya kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada, ila kwa nafasi chache zilizoruhusiwa. Hapo wameshika shina la jambo, kwa maana lijamu ya mwandikishaji imefungwa mahali fedha inapotoka.

Basi, akija mgeni kijijini na habari za kazi njema ng’ambo, tumkaribishe kwa adabu, maana si kila mwandikishaji ni mwongo. Lakini tumwulize mambo matatu. Nani anakulipa, na kwa hesabu gani? U wapi mkataba kwa lugha tuijuayo, tukae nao usiku mmoja pamoja na mwalimu au mzee ajuaye kusoma? Na huko tuendako, tukidhulumiwa, tutamshitakia nani? Mwenye kweli atajibu yote matatu, na atangoja hata asubuhi.