Boxer Ndiyo Iliyoiokoa KTM

Kuruwitu nzima naijua KTM moja tu, na ninaiendesha mimi. Ni Duke 200, rangi ya machungwa kama kawaida yao, mkono wa pili, niliinunua Mombasa kwa jamaa aliyekuwa anahama nchi. Ukitoka lami pale Vipingo ukashika njia ya vumbi kushuka baharini, utapishana na Boxer, TVS, Boxer, Boxer, labda Haojue moja, Boxer tena. Kwa hivyo nikifika steji lazima watu wageuke. Na lazima mmoja wa wale mabro wa boda aseme, "Hii ndiyo pikipiki sasa. Sisi tunaendesha makopo."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike. Nimeisikia mara nyingi hadi nikaamua kuitafutia historia, na historia yenyewe inasema kinyume kabisa. Kopo ndilo lililoiokoa pikipiki. Tulieni niwaeleze.

Aliyenifungua macho ni fundi wangu, mtu mzima, mikono yake haijawahi kutoka grisi tangu nimjue. Siku ya kwanza nilipompelekea KTM nilidhani ataiogopa. Akaizunguka, akachuchumaa, akaangalia injini, akacheka. "Kijana, hii ni Pulsar imevaa suti." Nilichukia kidogo, sitawaficha. Mtu unalipa pesa ya Ulaya halafu unaambiwa umenunua India? Lakini mzee alikuwa sawa. Injini ya Duke 200 na ile ya Bajaj Pulsar NS200 zina vipimo vilevile: kipenyo cha silinda milimita 72, mwendo wa pistoni milimita 49, sisi 199.5. Kichwa cha injini ni tofauti, Pulsar ina plagi tatu na KTM ina moja, na KTM ina kemshafti mbili juu. Chini ya hapo ni ndugu wa baba mmoja. Hata kaliper za breki zimeandikwa Bybre, jina ambalo kampuni ya Brembo ya Italia inalitumia kwa breki zake za pikipiki ndogo, zinazotengenezwa India.

Sasa ndugu hawa walikutana wapi?

KTM ni ya Austria, mji mdogo unaitwa Mattighofen, mji ambao bila pikipiki hizi wewe na mimi tusingewahi kuusikia. Mwaka 1934 fundi mmoja, Hans Trunkenpolz, alifungua gereji pale. Gereji tu, kama ya mzee wangu. Mwaka 1953 wakaanza kutengeneza pikipiki zao wenyewe, na mwekezaji mmoja, Ernst Kronreif, akaingia. Kronreif, Trunkenpolz, Mattighofen: ndiyo hiyo KTM. Si jina la kisayansi, ni majina ya wazee wawili na kijiji chao. Ni kama mtu aite pikipiki yake KKK kwa sababu ya Karisa, Kazungu na Kuruwitu. (Hapana, msiite hivyo.)

Wakatengeneza pikipiki za matope na milima, wakashinda mashindano, halafu mwishoni mwa 1991 wakafilisika. Hii watu husahau. Kampuni ilikatwakatwa vipande mwaka 1992, na kipande cha pikipiki kikachukuliwa na mwekezaji anayeitwa Stefan Pierer. Hapo ndipo rangi ya machungwa ikaanza kuwa dini. Kuanzia 2001 hadi 2019 walishinda mbio za Dakar mara 18 mfululizo, bila mtu kuwagusa. Aliyewapa ule ushindi wa kwanza ni Mwitaliano, Fabrizio Meoni, akashinda tena 2002, na mwaka 2005 akafa kwenye mbio hizohizo, jangwani Mauritania.

Nataka nisimame hapo kidogo, kwa sababu hapo ndipo Afrika inaingia.

Pikipiki za Ulaya zimekuwa zikija kwetu kujipima kwa muda mrefu sana. Desemba 1934, mwaka uleule Trunkenpolz alipofungua gereji, wasichana wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London na pikipiki ya Panther ya sisi 600, ina kigari cha pembeni na trela nyuma. Wakavuka Sahara, wakateremka bara zima, wakafika Cape Town Julai 1935. Nawavulia kofia. Mimi kutoka hapa hadi Malindi mgongo unaniuma. Lakini angalia muundo wa hadithi: Afrika ni njia ya kupita. Unapita, pikipiki haifi, unarudi nyumbani, jina linauzika. Dakar ni hivyo hivyo hadi ilipohamishwa Afrika, mbio za mwisho huku zikiwa za 2007. Jangwa letu lilikuwa maabara yao. Panther yenyewe haikusaidika hata hivyo. Miaka ya 1960 ilipokwisha na kampuni ilikuwa imekwisha.

Sasa mwangalie Mhindi.

Bajaj ilianza 1945, nayo ikianza kama wauzaji, sio watengenezaji. Waliagiza pikipiki na magari ya magurudumu matatu kutoka nje, halafu wakapata leseni ya kutengeneza Vespa nyumbani kwao India. Vespa tunaijua, ukivuka Zanzibar iko kila kona, na jina lake kwa Kitaliano ni nyigu. Ndugu yake wa magurudumu matatu anaitwa Ape, yaani nyuki, na huyo ndiye mzazi wa tuktuk zote unazoziona Malindi na Mtwapa. Leseni ya Piaggio ilipokwisha 1971, Bajaj hawakulia. Mwaka 1972 wakatoa skuta yao wenyewe, Chetak, jina la farasi maarufu wa hadithi za India. Watu walikuwa wakiandikisha majina na kungoja miaka. Miaka ya 1980 wakashikana na Kawasaki wa Japani kujifunza pikipiki, na kutoka kwenye ushirikiano huo, miaka ya 1990, ikazaliwa Boxer.

Kwa hivyo hiyo Boxer mnayoiita kopo ina elimu ya Italia na ya Japani kichwani. Imesoma kuliko mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili.

Na haikuja Afrika kupita. Ilikuja kufanya kazi. Boda yenyewe ilianza na baiskeli huko Busia miaka ya 1960, kuvusha watu mpakani, ndiyo maana ya jina. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi sisi 250, na mlango ukafunguka. Boxer ikaingia vijijini ambako matatu haijawahi kukanyaga. Hapa Kuruwitu inabeba samaki alfajiri, inabeba mama mjamzito usiku, inabeba magunia ya makaa, nazi, mitungi ya gesi, wanafunzi wanne na begi zao (polisi mkisoma, sijasema kitu). Wageni wanaokuja kuona tengefu, ile sehemu ya bahari wazee wetu waliyoifunga 2005 ili samaki wazaliane, wengi wanafika kwa Boxer. Tanzania kule walifika mbali zaidi: tuktuk wanaiita bajaji, herufi ndogo, kama unavyosema kiti au meza. Hakuna Mzungu wa pikipiki aliyewahi kupata heshima kama hiyo kwenye Kiswahili, ukiondoa Vespa labda.

Nigeria, Uganda, Kongo, Kenya: Boxer baada ya Boxer, na kila moja inaacha faida kidogo. Pesa hizo, pamoja na zile za nyumbani India, zikaifanya Bajaj tajiri kiasi kwamba Januari 2021 ikawa kampuni ya kwanza duniani ya pikipiki kufikisha thamani ya rupia trilioni moja kwenye soko la hisa. Na kampuni yenye pesa hutafuta cha kununua. Mwaka 2007 Bajaj ilinunua asilimia 14.5 ya KTM. Ikaongeza, ikaongeza, ikafika karibu nusu. Kuanzia 2011 Duke ndogo zikaanza kutoka kiwanda cha Chakan, karibu na Pune, na kupelekwa hadi Ulaya kwenyewe. Ile yangu ni ya ukoo huo. Mzungu wa Vienna na mimi wa Kuruwitu tunaweza kuwa na pikipiki iliyofungwa nati na mtu yuleyule.

Halafu ikafika 2024. KTM walikuwa wametengeneza pikipiki nyingi kuliko wanunuzi. Zilijaa kwenye maghala, madeni yakapita euro bilioni moja, na Novemba mwaka huo wakaenda mahakamani kutangaza kwamba hawawezi kulipa. Kiwanda cha Mattighofen kikazimwa, mamia ya watu wakapoteza kazi. Februari 2025 wanaodai wakakubali kulipwa asilimia 30 tu ya deni lao. Hata hiyo 30 ilitaka pesa taslimu, na aliyezitoa ni nani? Bajaj. Kwa jumla waliweka euro milioni 800, na kufikia Novemba 2025 KTM ilikuwa mikononi mwao rasmi. Kampuni mama, iliyokuwa ikibeba jina la Pierer, ikabadilishwa ikaitwa Bajaj Mobility.

Sisemi kila senti ilitoka kwa boda wa Vipingo. India ni kubwa, na Bajaj wanauza vitu vingi. Lakini soko la nje la Bajaj limesimama juu ya Afrika, na Afrika imesimama juu ya Boxer, na Boxer imesimama juu ya makalio ya vijana kama wale wa steji yetu. Kuna shilingi yao mahali fulani pale Austria. Wao ndio wanaoniambia eti wanaendesha makopo.

Kwa nini naona ni muhimu? Kuna nyumba moja ya wageni huku ufukweni, sitaitaja. Nikifika na KTM, askari wa getini anafungua kabla sijapiga honi. Ananiita bosi. Siku moja nilikuwa nyuma ya jirani yangu, yuko na Boxer, amebeba samaki walioagizwa na jiko la nyumba hiyohiyo. Akaambiwa aegeshe nje kwenye jua, asubiri mtu atoke. Mimi nilikuwa naenda kupiga picha tu, sina hata shughuli ya maana, nikapitishwa. Samaki wakabaki juani. Jirani hakusema neno, alizoea. Nilirudi nje nikamsubiri naye, askari akanishangaa.

Huyo askari hana shida na mtu. Ana shida na nembo. Amefundishwa, kama sote, kwamba cha Ulaya ni cha heshima na cha India ni cha shida, na hajui kwamba siku hizi mwenye vyote viwili ni mmoja. Si KTM peke yake. Royal Enfield ilikufa Uingereza ikaishi Madras. BSA, ambayo kuna wakati ilikuwa kubwa kuliko zote duniani, jina lake lilinunuliwa na kundi la Mahindra mwaka 2016. Triumph ya sisi 400 inatengenezwa na Bajaj haohao. Uliza "pikipiki ya Ulaya" leo, mara nyingi utaonyeshwa India.

Mamangu alisema tangu mwanzo: nunua Boxer, mpe kijana, akuletee hesabu kila jioni. Nilimjibu kwamba KTM ndiyo inayoniletea watazamaji, na watazamaji ndio wanaolipa unga. Hatujakubaliana hadi leo. Lakini nimeona kitu ambacho mamangu hakusema. Mhindi alianza kwa kuagiza, akaenda kwa leseni, akaenda kwa kuiga, akaja kununua mwenye leseni. Ilimchukua miaka 80 kamili, 1945 hadi 2025. Sisi tumenunua Boxer kwa wingi wa ajabu, na nyingi zinaunganishwa hapahapa Kenya, lakini kuunganisha ni kufunga nati kwenye kitu kilichofika ndani ya sanduku. Mashauri ya bei, ya spea, ya modeli ipi itolewe mwakani, yanafanyika Pune.

Kuna Roam pale Mombasa Road, Nairobi, wanatengeneza pikipiki za umeme. Waliianzisha vijana wa Uswidi mwaka 2017, wakati huo ikiitwa Opibus. Ukitaka pikipiki ya Ulaya isiyo ya kawaida basi hiyo nayo ihesabu, ila hii ilizaliwa kwetu kwa kazi yetu. Jirani yangu wa samaki ameanza kuniuliza habari zake. Haulizi mwendo wala rangi. Anauliza betri ni ya nani, yake au ya kampuni, na chumvi ya bahari itaifanya nini. Amebakisha miezi minne ya mkopo wa Boxer, na anasema hatasaini karatasi nyingine kabla hajapata jibu la hilo la kwanza.