Karani wa Natal Aliyetuandikia Mashimo ya Mfalme Sulemani

Wazee wetu waliosoma shule enzi za mkoloni ukiwauliza kuhusu riwaya walizozipenda utotoni, hawatachelewa kukutajia Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1929, kikiwa kimetafsiriwa na Frederick Johnson, Mwingereza ambaye mwaka uliofuata alishika ukatibu wa kamati ya lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na baadaye akasimamia kamusi sanifu iliyochapishwa mwaka 1939. Kiswahili chake ni kitamu na hadithi inakwenda mbio. Mwandishi mwenyewe, Henry Rider Haggard, tunamjua kidogo mno, na naona hilo ni pengo. Afrika aliyotuchorea ilitoka mahali fulani, na mahali penyewe ni ofisi za serikali ya Kiingereza kule kusini.

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Bradenham, katika jimbo la Norfolk, akiwa mtoto wa nane kati ya kumi. Baba yake, mwenye ardhi na mtu mkali, alimwona mzito wa akili. Kaka zake walipelekwa shule kubwa za gharama. Yeye aliishia shule ya kawaida ya mji wa Ipswich. Alipotimiza miaka 19, mwaka 1875, baba alimwombea nafasi kwa Sir Henry Bulwer aliyekuwa anakwenda kuwa luteni-gavana wa koloni la Natal, kusini mwa Afrika. Kazi ilikuwa ya ukarani, bila mshahara.

Kule Natal kijana huyu alifumbua macho. Alikaa karibu na wakubwa waliozungumza Kizulu, akasikiliza masimulizi yao ya vita na falme, akaangalia na kuandika. Mwaka 1877 alifuatana na ofisa wa Kiingereza Theophilus Shepstone hadi Pretoria, Uingereza ilipoitwaa Transvaal kutoka kwa Makaburu. Siku ya kusoma tangazo, tarehe 12 Aprili, ofisa aliyepewa kazi hiyo, Melmoth Osborn, alitetemeka mpaka sauti ikamkauka. Haggard, kijana wa miaka 20, akaichukua karatasi na kuendelea kusoma. Mwezi uliofuata, siku ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria, alisaidia kuipandisha bendera kwa mikono yake.

Baadaye aliacha kazi ya serikali, akanunua shamba la mbuni karibu na Newcastle, Natal, pamoja na rafiki yake. Mwaka 1880 akamwoa Louisa Margitson. Lakini Makaburu waliasi, wakawashinda Waingereza pale Majuba, na nyumba ya Haggard ikapangishwa kwa tume iliyokuja kujadili masharti ya kuirudisha Transvaal kwa wenyewe. Nchi aliyoisomea tangazo la kutwaliwa ikarudishwa kwa mazungumzo yaliyofanyika chini ya paa lake. Jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni, na mimi naliona kuwa ufunguo wa vitabu vyake. Katika riwaya alijenga Afrika ambayo Mwingereza hashindwi.

Alirudi kwao mwaka 1881 akasomea sheria. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu Mfalme Cetshwayo wa Wazulu na majirani zake wazungu, kilitoka mwaka 1882 naye ndiye aliyetoa pauni 50 kusaidia kichapwe. Hakikuuzika. Riwaya mbili zilizofuata nazo hazikumpa riziki ya maana.

Kisha likaja dau. Kaka yake mmoja alikuwa akikisifu Kisiwa Chenye Hazina cha Robert Louis Stevenson. Haggard akasema hakioni cha ajabu sana, naye akaambiwa aandike chake chenye nusu ya uzuri huo, kwa dau la shilingi 5. Akakiandika kwa muda wa kama wiki sita, jioni baada ya kutoka kazini. Kampuni ya Cassell ilimpa achague: pauni 100 taslimu na haki zote zibaki kwao, au malipo madogo ya kuanzia pamoja na fungu katika kila nakala itakayouzwa. Alikuwa ameshakubali pauni 100 kwa mdomo. Mhariri alipotoka chumbani kidogo, karani aliyekuwa ameketi pembeni akamnong'oneza kwamba angekuwa yeye, angechagua fungu. Haggard akageuza kauli. Kitabu hicho, ndicho Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilitoka kwa Kiingereza Septemba 1885, mabango yakabandikwa London usiku kucha, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa nakala 31,000. Kwa neno la karani mmoja asiyejulikana jina, karani wa zamani wa Natal alitajirika.

Vitabu vya She na Allan Quatermain vilifuata mwaka 1887, na hicho cha pili kinatugusa watu wa pwani. Safari yake inaanzia Lamu, nyumbani kwa balozi mdogo wa Kiingereza, kisha inapanda Mto Tana hadi kwenye mapigano na Wamaasai. Haggard alipokiandika hakuwa amefika Lamu. Ila ndugu yake Jack alikuwa balozi mdogo pale katika miaka hiyo ya 1880. Mji wenye misikiti ya karne nyingi, washairi na mafundi wa milango ya nakshi, ndani ya riwaya umekuwa uchafu na harufu mbaya basi. Hilo silisamehe kirahisi.

Shujaa mkubwa wa kitabu hicho ni Umslopogaas, mpiganaji wa shoka. Mtu wa kweli aliyempa jina, Mhlopekazi, Mswazi aliyekuwa katika msafara wa Shepstone, alikuwa bado hai. Aliposikia kwamba jina lake limo vitabuni na kwamba vitabu vinauzwa, alisema ni haki naye apewe nusu ya fedha. Haggard alimpelekea kisu cha kuwindia. Habari hii aliiandika mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1926, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Maisha yake ya baadaye yalikuwa na shughuli nyingi. Alilima huko Ditchingham, Norfolk, akaandika utafiti mkubwa wa kilimo cha Uingereza mwaka 1902, akapewa cheo cha Sir mwaka 1912. Mwaka 1891 mwanawe wa pekee, Jock, alikufa kwa surua wakati wazazi walipokuwa Mexico, na Haggard hakupona jeraha hilo. Alifariki London tarehe 14 Mei 1925, akiwa ameacha riwaya zaidi ya 50.

Si haki kumpaka rangi moja. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, Ignosi, mfalme wake Mwafrika, mwishoni anawafungia mlango wafanyabiashara wa kizungu wenye bunduki na pombe. Lakini yuko pia Foulata, anayekufa huku akikiri kwamba yeye na Mzungu anayempenda wasingeweza kuoana. Na liko lile kubwa zaidi: barabara, sanamu na mashimo ya nchi ile vimeelezwa kuwa kazi ya wageni wa kale, kana kwamba Mwafrika hana mkono wa kujenga. Wazo hilo lilishaenea tangu mwaka 1871, mpelelezi Mjerumani Karl Mauch alipoona magofu ya Zimbabwe Kuu na kuyahusisha na Malkia wa Sheba. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alilikanusha mwaka 1905. Mwanaakiolojia mwenzake Gertrude Caton-Thompson naye akachimba pale na kutangaza kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Alichimba mwaka 1929, mwaka uleule Mashimo ya Mfalme Sulemani yalipofika mikononi mwa watoto wetu kwa Kiswahili. Hadithi ilisambaa shuleni; matokeo ya uchimbaji yalibaki kwa wataalamu.

Sisemi kitabu kifungiwe. Kisomwe, maana ni sehemu ya historia ya nathari ya Kiswahili. Ninachowaomba wachapishaji na walimu ni kurasa mbili tatu za utangulizi, zinazomweleza msomaji Haggard alikuwa nani, alipandisha bendera gani, na kwamba waliojenga Zimbabwe Kuu ni mababu wa Washona.