Fungu la Nyanya

Wakazi wa Dar es Salaam husema kwamba Kariakoo hakuna kinachokosekana, na usemi huo una ukweli mwingi. Lakini jina lenyewe la Kariakoo halikutokana na mnunuzi wala muuzaji. Wajerumani walijenga hapo jengo la soko mwishoni mwa utawala wao. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916 wakapageuza kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ndimi za wenyeji zikalilainisha jina hilo mpaka likawa Kariakoo. Soko likaanza kazi yake mwaka 1923. Basi soko letu kubwa limebeba jina la watu waliobeba mizigo ya wengine, na wengi wao walifia njiani kwa maradhi na njaa. Mpagazi amekumbukwa, japo kwa jina lililopindwa. Mkulima aliyelilisha soko hilo miaka yote hakukumbukwa popote.

Insha hii inamhusu mkulima huyo. Nitamfikia kwa njia ya mbegu ya nyanya, maana tangu nilipostaafu ualimu mkuu nimekuwa nikiotesha nyanya katika ndoo za rangi uani petu, si mbali na soko. Katika kazi hii mimi ni mwanafunzi wa darasa la kwanza, na mwanafunzi wa darasa la kwanza huona mambo ambayo mzoefu ameacha kuyatazama.

Nyanya ni mgeni katika nchi yetu. Asili yake ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini, na waliomlea mpaka akawa zao la bustani ni watu wa Mexico. Wao walimwita tomatl. Wahispania walimchukua katika karne ya 16, na mataifa mengi ya Ulaya yakamchukua pamoja na jina lake. Sisi Waswahili jina hilo hatukulitaka. Tulikuwa tayari na ngogwe, ambayo pia huitwa nyanya chungu, nayo ni mzaliwa halisi wa Afrika na ni wa ukoo mmoja na nyanya. Mimi naamini wazee wetu walipomwona mgeni walimtambua kwa sura ya jamaa yake, wakamkaribisha kwa jina la nyumbani. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wao humwita tungule.

Mji wenyewe ulikuwa na bustani ya kujaribia mimea ya kigeni. Bustani ya Mimea iliyopo hadi leo kule Posta, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann. Lakini mji uliokua kuizunguka ulipangwa kwa matabaka: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na Uswahilini ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Katika ramani hiyo kilimo hakikupewa kiti. Bustani ilikuwa ya kutazamwa, na chakula kilikuwa kitu cha kuletwa. Sheria ndogo za mji zikaja kukataza mazao marefu karibu na nyumba, na shamba likahesabiwa kuwa dalili ya ushamba.

Baada ya Uhuru tulijaribu kuigeuza fikra hiyo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, kila shule ilitakiwa iwe na shamba. Kizazi changu cha walimu kilitoka chuoni na chaki katika mkono mmoja na jembe katika mkono wa pili. Mwaka 1972 likaja Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo. Ukame ulipotubana, mwaka 1974 tukasikia wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona, na mahindi na muhogo vikaota mpaka kwenye viwanja vya maofisi mjini. Mwaka 1992 serikali ilitunga kanuni za kilimo cha mijini zilizoruhusu mtu kulima eneo lisilozidi ekari tatu. Hivyo mji huu umemfukuza mkulima, ukamwita, ukamfukuza tena, kulingana na hali ya ghala.

Shule nilizofundisha zililima mahindi, muhogo na mchicha. Nyanya ni somo jingine kabisa, na mbegu yake haina haraka ya kumfurahisha mtu. Nachukua sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga, naujaza mchanganyiko huo katika kopo lililotobolewa chini, kisha nafukia mbegu kwa kina kisichozidi sentimeta moja. Kwa joto la hapa kwetu huchomoza katika siku tano hadi nane. Kwanza hutoka majani mawili ya mbegu, membamba, yasiyofanana kabisa na ya nyanya. Baadaye ndipo huja majani halisi, yale yenye menomeno na harufu. Wiki tatu au nne zikipita, mche ukiwa na majani halisi manne au matano, unapunguziwa maji siku chache ili ukomae, ndipo unahamishiwa katika ndoo jioni, jua likiwa limepoa. Ukiufukia shina mpaka karibu na majani ya chini, shina hilo huota mizizi mipya. Kisha ni kijiti cha kuegemea, kuondoa machipukizi ya kwapani, na maji ya kiasi kile kile kila siku. Ukimwagilia leo sana na kesho usimwagilie, tunda huoza kitako.

Baada ya kujua hayo nikafanya jaribio kama tulivyowafundisha wanafunzi wetu. Mbegu za pakiti moja, udongo mmoja, ndoo zinazolingana. Fungu la kwanza nililisia Desemba, la pili Mei, masika yakielekea ukingoni. Miche ya Desemba ilirefuka haraka na kupendeza. Ilichanua Februari, na maua yakapukutika karibu yote bila kufunga tunda. Miche ya Mei ilikua polepole, ikachanua wakati wa kipupwe, na ikazaa.

Sababu yake inajulikana. Ua la nyanya linahitaji usiku wa ubaridi ili chavua ifanye kazi. Wakati wa kaskazi usiku wa Dar es Salaam mara nyingi haushuki chini ya nyuzi 24, na hapo ua hukata tamaa. Mwezi Julai usiku hushuka hadi nyuzi 19 au chini kidogo, ua likatulia. Ongeza unyevu wa pwani unaoleta ukungu na mnyauko, nawe utaelewa kwa nini Kariakoo haijapata kujilisha nyanya yenyewe. Imetegemea milima siku zote: Mgeta katika Uluguru, Lushoto katika Usambara, Kilimanjaro na Arusha, na zaidi Ilula mkoani Iringa. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilipokamilika kwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyanya ya Ilula ilipata njia ya kuteremka Kitonga, kuvuka Mikumi na Morogoro, na kufika sokoni baada ya zaidi ya kilometa 400.

Yule wa Ilula naye ana mitihani yake. Zamani mkulima alikamua mbegu za tunda lake zuri, akaziacha zichachuke siku mbili tatu, akaziosha na kuzianika kwa msimu ujao. Mbegu za kawaida bado huruhusu hivyo. Mwaka 1997 watafiti wetu wa Tengeru walitoa aina mbili za namna hiyo, Tanya na Tengeru 97. Ya kwanza ina ganda gumu linalostahimili safari, ya pili hustahimili mnyauko wa fusari na minyoo ya mizizi. Lakini mbegu chotara, zinazozaa sana, watoto wake hawafanani na mama, kwa hiyo anayezipanda hurudi dukani kila msimu. Kisha mwaka 2014 aliingia nondo mdogo kutoka Amerika ya Kusini, kule kule alikotoka nyanya mwenyewe. Kiwavi wake hutoboa jani, shina na tunda. Wakulima walimpa jina la Kanitangaze, kwa kuwa alipopita katika shamba la mtu habari ilienea yenyewe. Jina hilo lina mzaha, lakini ni mzaha wa mtu aliyepoteza mtaji.

Anayenusurika na hayo yote hufika kwa dalali akiwa na bidhaa isiyoweza kungoja. Mwenye mahindi akiambiwa bei mbaya huweza kufunga ghala. Mwenye nyanya hana ghala. Tenga likilala siku mbili kwenye joto la Kariakoo, la chini hugeuka maji. Dalali analijua hilo, mchuuzi analijua, na mkulima analijua kuliko wote. Anayepanga bei ni joto, na joto halimhurumii mtu wa mwisho kwenye foleni.

Mwezi Julai 2021 jengo kuu la soko liliungua, lile lenye miavuli ya zege lililosanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Lilikuwa pigo kubwa kwa wafanyabiashara. Hata hivyo nyanya hazikuacha kuja mjini; malori yalielekea kwenye masoko mengine na vyungu vya mji vikaendelea kuchemka. Hapo palikuwa na somo kwa aliyetaka kulisoma: soko ni zaidi ya jengo, na mzizi wake uko mbali na mji.

Sisemi kwamba kila mkazi wa ghorofa ajilishe kwa ndoo. Ndoo zangu nne hazitoshi hata mchuzi wa mwezi mmoja wa nyumba yetu. Nasema kila mkazi wa mji aoteshe mbegu moja, mara moja, na ailee mpaka tunda liive, jambo linalochukua miezi mitatu hadi minne. Walimu wa mjini wasio na shamba wanaweza kufanya hivyo kwa makopo dirishani, na darasa likajifunza humo sayansi, jiografia na historia kwa pamoja. Mtoto aliyehesabu siku mia akingoja nyanya moja hatalitazama fungu la sokoni kama rundo la vitu vyekundu.

Mimi bado nanunua Kariakoo kama zamani, na bado nauliza bei mara mbili, maana hiyo ni ada ya soko. Ila nikiambiwa fungu ni ghali, nahesabu kwanza: mbegu, kitalu, maji, kiwavi, barabara, joto. Mara nyingi nikimaliza kuhesabu nakuta kwamba kilichopungua katika bei hiyo ni fungu la aliyelima.