Baba akikosa, mtoto amsemee nani?

Vijana wenzangu, leo nawaletea swali la zamani sana: baba yako akiiba, utamripoti?

Huko China, mtawala mmoja alimwambia Confucius (551–479 KK) kwamba kwake kuna kijana mnyoofu kweli. Baba yake alichukua kondoo wa watu, kijana akaenda kutoa ushahidi. Confucius hakukubali. Kwa maoni yake, unyoofu uko katika baba na mtoto kusitiriana. Wafuasi wake walifundisha kwamba kumheshimu mzazi ndiyo mzizi wa utu: asiyejua kupenda nyumbani, mgeni atampendaje? Wazo hilo liliingia mpaka kwenye sheria. Katika sheria za ufalme wa Tang, mwaka 653, mtoto aliyemshtaki mzazi wake aliweza kunyongwa, isipokuwa kama kosa ni uhaini.

Tuje Ugiriki. Plato aliandika juu ya Euthyphro, aliyempeleka baba yake mahakamani Athens. Kibarua wao alilewa, akamuua mtumwa. Baba akamfunga kamba, akamtupa mtaroni, akatuma mtu mjini kuuliza afanywe nini. Jibu halijarudi, kibarua akafa kwa njaa na baridi. Ndugu walimkasirikia Euthyphro, lakini yeye alisema haijalishi aliyekufa ni wa ukoo au ni mgeni. Socrates alimuuliza tu: uchaji wenyewe ni nini? Mazungumzo yao yanaisha bila jibu.

Warumi walienda mbali zaidi. Walisimulia kwamba Brutus, mmoja wa makonsuli wao wawili wa kwanza mwaka 509 KK, alisimamia kuuawa kwa wanawe wawili, kwa sababu walitaka kumrudisha mfalme.

Lakini jamani, msiseme Wachina wote walifikiri ndugu kwanza. Mozi, aliyekuja baada ya Confucius, alifundisha kuwapenda watu wote sawa.

Mimi naona hivi: kondoo analipika. Kibarua yule halipiki, na pale hakuwa na ndugu wa kumsemea. Kama mtoto wa mkosaji angenyamaza, nani angesema?

Siku ya mgao nasaidia kupanga foleni. Mjomba wangu alinishika mkono: "Mwanangu, nipitishe mbele." Mbele yake alisimama mama mmoja ambaye hapa kambini hana mtu. Nilimwambia, "Mjomba, naomba usubiri." Alinuna. Kazi ilipoisha nikambebea mgao wake mpaka nyumbani.

Na wewe, ungefanyaje?